Karani Haangalii Juu

Bi Lavonne Sedlacek aliamua mashindano ya wapanda farasi kwa miaka thelathini na nane, na miaka yote niliyokaa ubavuni pake sikuwahi kumwona akitazama karatasi. Macho yake yalikuwa uwanjani. Karatasi ilikuwa yangu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo: mwamuzi haangalii chini, karani haangalii juu. Yeye anataja, mimi naandika. "Ongeza nusu. Sifuri. Toa moja. Adhabu tatu, kagusa koni." Mpanda farasi anapita hatua kumi mbele yangu, nasikia kwato, nasikia ngozi ya tandiko ikilia, hata pumzi za farasi nazisikia, lakini kumwona simwoni. Watu huniuliza, "Rhonda, yule binti wa kina Kolar alipanda vipi?" Nawajibu kwamba sijui alipanda vipi, najua alipata sitini na tisa na nusu.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyohiyo, kwamba inaniruhusu kuinamisha kichwa.

Lavonne alizaliwa kwenye ranchi kaskazini ya mto Loup, hapa kwetu Nebraska, kwenye vilima vya mchanga ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Baba yake alimpandisha farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akaolewa na Emil, mkata majani makavu, bwana wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "chakula tayari?" Majira ya baridi Lavonne aliendesha basi la shule. Kiangazi aliamua mashindano, kaunti hii na ile, amevaa kofia ya kijivu ambayo hakuna mjukuu aliyethubutu kuigusa. Alikuwa mrefu, mkavu, na ulimi wake, Mungu amrehemu, ulikuwa na miba. Mwaka mmoja baba fulani aliteta kwamba binti yake amevaa shati lenye vito kuliko wasichana wote na bado kawekwa mkiani. Lavonne akamwambia msimamizi wa uwanja, "Mwambie shati lenyewe nimelipa alama sabini na tano. Aliyekuwa ndani yake ndiye aliyeniangusha."

Maana watu wanadhani haya ni mashindano ya urembo. Upuuzi mtupu. Mchoro wa njia unabandikwa ubaoni saa moja kabla: toka koni ya kwanza kwa telki, mwendo wa kati wa farasi, kwenye ya pili ingia shoti, mbio za polepole, chora duara, simama, geuza, rudi nyuma hatua nne. Unaukariri, unaingia peke yako. Kila mtu anaanza na sabini, na kila kipande cha njia kinakuongezea au kinakupunguzia. Wala farasi siye anayepimwa. Anapimwa aliye juu: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe mstari mmoja, mkono mmoja ushike hatamu, wa pili utulie tu, na akimwambia farasi jambo amwambie kwa mguu na kiuno, mtu wa pembeni asione. Kila mmoja akishamaliza mchoro wake, wote wanapanga mstari, kisha wanazungushwa pamoja kando ya ua, hapo mwamuzi anawatazama tena kabla ya kufunga hesabu.

Na kuna adhabu. Za alama tatu, za tano, na za kumi. Ukipata kumi umekwisha, ila huambiwi: unazunguka na wenzako mpaka mwisho, kisha kusanya virago. Miongoni mwa makosa ya kumi, kitabu chetu kinataja kutumia mkono kumtisha farasi au kumsifu. Ndiyo, kumzaba kofi na kumpapasa shingo kwa mapenzi vimewekwa kapu moja. Nilipokuwa mtoto niliona ni roho mbaya. Nilipokua nikaelewa: kazi haijaisha, mkono uliokaa huru hauna ruhusa ya kusema chochote.

Sasa nifike kwenye Agosti ya mwaka 1989.

Maonyesho ya kaunti yetu, joto la kupasua kichwa, wasichana kumi na wanne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimo. Marcy Vondra naye alikuwamo, wa rika langu, juu ya farasi mzee wa rangi ya mchanga aitwaye Waldo. Marcy alikuwa amenishinda miaka minne mfululizo, na kila mara alinijia akicheka na kuniambia, "Mwaka huu ulinitisha kweli, shoga," jambo lililoniuma kuliko kushindwa kwenyewe. Siku ile akapanda kama hajawahi kupanda. Mchoro mzima hakuna aliyeona alichokuwa akimwambia farasi. Akasimama, akarudi nyuma hatua nne, zikiwa nne kweli. Kisha, kabla hajaondoka kwenye koni ya mwisho, akainua mkono wake wa kushoto akauweka kwenye shingo ya Waldo. Akauacha pale kama pumzi mbili.

Lavonne akasema, "Adhabu kumi." Karani wa siku hizo akaandika.

Tukapanga mstari. Mimi nilikuwa upande wa kulia wa Marcy. Sikuwa nimeuona ule mkono. Nilikuwa nimempa mgongo, namtuliza farasi wangu. Kisha tukatolewa kwenda kando ya ua, tembea, telki, halafu Lavonne akaagiza shoti. Mzunguko wa tatu Waldo akaanguka. Hakujikwaa wala hakuyumba, aliishiwa miguu tu, na Marcy alikuwa chini yake. Daktari wa mifugo alisema baadaye mshipa mkubwa wa moyo ulipasuka. Marcy alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika barabara kuu.

Utepe wa bluu, wa mshindi wa kwanza, ulinijia mimi kwa posta wiki iliyofuata. Nadhani ofisi ya maonyesho haikujua la kuufanya. Umo kwenye sanduku la viatu, na bahasha sijaifungua.

Kuanzia siku ile Lavonne hakuwa peke yake tena. Sizungumzii mizimu. Nazungumzia swali. Nilipoanza kazi ya ukarani kwake, miaka saba baadaye, nilidhani atalificha, kumbe alilitoa siku ya kwanza, tukiwa njiani kwenye gari lake, kabla hata hatujavuka daraja.

"Alikuwa anamsifu," akasema, "au alikuwa anamsikiliza?"

"Nani, Bi Lavonne?"

"Usijifanye mjinga, mwanangu. Ule mkono."

Ndilo lilikuwa jambo lake lote. Kama Marcy alikuwa akimsifu farasi, basi kumi ilikuwa kumi, na yaliyofuata ni mipango ya Mungu. Lakini kama alikuwa ameuhisi moyo wa Waldo ukienda kombo, akaweka kiganja kuusikiliza, basi mkono ule ulikuwa ukisema, na mwamuzi ambaye kazi yake yote ni kumsoma aliye juu ya farasi alikuwa ameusoma vibaya, akauandikia adhabu, kisha akaamuru shoti. Miaka yote Lavonne alitaka kujua kati ya hayo mawili ni lipi. Alikuwa akiendesha gari kwa mkono mmoja, na ule wa kushoto anauweka juu ya dashibodi, wazi, anautazama. Kukitokea mpanda farasi mwenye nywele ndefu za manjano kama za Marcy, Lavonne alisita kabla ya kutaja alama, nami nasubiri kalamu ikiwa hewani.

Aliwahi kuniuliza niliona nini. Nikamwambia nilikuwa nimempa Marcy mgongo, namtuliza farasi wangu. Ilikuwa kweli. Hakuniuliza nilisikia nini.

Na kulikuwa na Irma, mama yake Marcy. Popote Lavonne alipoamua, hata kaunti ya saa tatu kwa gari, Irma Vondra alikuwapo. Benchi la tatu kutoka langoni, koti la bluu magotini, chupa ya kahawa pembeni. Hakumshangilia mtu. Akifika, anakaa, shindano la wasichana likiisha anaondoka. Watu walishamzoea, wakawa wanamwachia nafasi yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo huo niliungoja kila kiangazi.

Sheria yetu hairuhusu jamaa ya mshindani kusema na mwamuzi mpaka aombe kupitia msimamizi, na mwamuzi haruhusiwi kumwendea mtu kwenye maonyesho. Lavonne aliingoja hiyo "Irma ameomba" kwa miaka ishirini na sita. Ungesema, si angemwendea nyumbani, sheria ya uwanjani haifiki sebuleni? Alijaribu. Emil aliniambia, na kwa Emil hiyo ilikuwa hotuba: "Alifika mpaka kwenye sanduku lao la barua, akageuza gari." Mwamuzi asiyemwogopa baba yeyote wa kaunti sita alishindwa na hatua thelathini za changarawe. Simcheki. Nani nimcheke?

Mwaka 2015 alikuwa na miaka sabini na moja, magoti yamekwisha, na akakubali mwaliko aliokuwa akiukataa tangu 1989. Maonyesho ya kaunti yetu wenyewe, uwanja uleule.

"Nafunga kazi hapohapo nilipoifungia roho yangu," aliniambia tukila supu ya maharage yenye pilipili na mkate wa mdalasini kwenye hema la akina mama wa kanisa. "Na leo nataka nione vizuri. Basi."

"Umeona vizuri miaka yote, Bi Lavonne."

"Aka! Umeanza lini kunibembeleza? Kula mkate wako, unapoa."

Irma alikuwa benchi la tatu. Wasichana walikuwa tisa. Michoro ikaenda vizuri, Lavonne anataja, naandika, hakuna kilichotokea. Wakapanga mstari, wakatolewa kwenda kando ya ua. Tembea. Telki. Iliyobaki ni shoti, na Lavonne alikuwa na redio ya mkononi tayari kumwagiza mtangazaji. Nikangoja sauti yake. Haikuja. Nikangoja tena. Kisha nikafanya jambo ambalo karani hafanyi, nikainua kichwa.

Binti mmoja, Brynn Tuma, wa miaka kumi na minne, alikuwa akipita mbele yetu juu ya farasi mwekundu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye shingo ya farasi.

Lavonne akasimama. Kiti kikaanguka, kofia ya kijivu ikaanguka.

"Simamisheni!" akapiga kelele, wala si kwenye redio. "Wote simameni! We mtoto, shuka! Shuka chini mwanangu, shuka, shuka!"

Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alikimbia na magoti yale, kichwa wazi, akafika akamshika binti kiunoni na kumvuta chini kama anamtoa kwenye nyumba inayoungua. Daktari wa mifugo akaletwa, akaweka kifaa chake kifuani mwa farasi, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akaangalia ufizi. Ilichukua dakika ishirini.

"Mzima," akasema. "Ana moyo wa trekta huyu."

"Nilikuwa namwambia asante tu!" Brynn akalia, sasa hasira zimempanda. "Alikuwa amefanya vizuri! Namwambia asante, ndiyo univute hivi mbele za watu?"

Kwenye mabenchi watu wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Bibi kachanganyikiwa." Lavonne akarudi pole pole. Akaokota kofia, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akaketi.

"Andika kumi," akaniambia.

"Bi Lavonne, baada ya yote haya?"

"Kamsifu farasi, Rhonda. Kasema mwenyewe. Kitabu hakijabadilika."

Nikaandika kumi. Wakarudishwa kwenye ua, wakaenda shoti, hakuna aliyeanguka. Tepe zikagawiwa. Lavonne alikuwa akitia sahihi karatasi za mwisho alipokuja msimamizi wa uwanja, mzee Dwight Obermiller, mtu mnene mpole, ameshika kofia kifuani.

"Lavonne," akasema, "kuna ombi la kusema na mwamuzi."

"Baba yake Brynn. Mlete anitukane, ni haki yake."

"Si yeye. Ni Irma."

Kalamu ya Lavonne ikaacha kutembea. Nikainuka niondoke, akanishika mkono. "Kaa hapo," akasema. Alikuwa na vidole vya baridi, Agosti ile.

Irma akaja na chupa yake ya kahawa chini ya kwapa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Dwight akasimama kando, kama sheria inavyotaka.

"Umemshusha yule mtoto," Irma akasema.

"Nimemshusha."

"Kwa ajili ya mkono."

"Irma, mimi..."

"Ngoja. Nimekaa pale miaka ishirini na sita nikitaka kuona kama utauona ukirudi. Leo umeuona, ukakimbia. Mimi hilo limenitosha." Akavuta pumzi. "Sasa nami nikwambie langu. Marcy alikuwa na tabia ile. Nyumbani, zizini, kila siku ya Mungu akimaliza kupanda lazima amwekee Waldo mkono shingoni. Nilimkanya, nikamwambia utapoteza alama, mwanangu, acha. Hakuwa mtu wa kusikia. Ilikuwa mazoea tu, Lavonne. Uliandika sawasawa."

Lavonne akafunika uso kwa kofia yake na kulia. Nimeona watu wakilia, lakini yule alilia kama mtu aliyebeba mzigo mpaka akasahau kuwa ni mzigo. Irma akamwekea mkono begani. Dwight akageuka kutazama bendera.

Kisha Irma akanigeukia mimi.

"Nawe, Rhonda. Ulikuwa karibu naye pale mstarini, kabla hawajawatoa. Alikwambia lolote?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Lavonne alikuwa ameshusha kofia, macho mekundu, ananitazama naye. Niliona uso ambao sikuwahi kuuona miaka kumi na tisa ya kukaa naye: uso uliopumzika.

Na mimi nililikumbuka kila neno. Marcy alikuwa ameniinamia, uso umemtoka rangi, kiganja cha kushoto amekikunja kama ameshika kitu ndani yake. "Rhonda," alisema, "moyo wa Waldo unaenda vibaya. Nimeushika. Niinue mkono, niombe kutoka?" Mtu akiinua mkono anaruhusiwa kutoka, hakuna wa kumuuliza. Nami niliyeshindwa naye miaka minne nikamwambia, "Usinifanyie hivyo. Mwaka huu nikikushinda nataka nikushinde ukiwa juu ya tandiko." Akaniangalia. Akacheka kidogo, kile kicheko chake. "Haya basi, shoga," akasema, na akaivuta kofia ikae vizuri.

"Alisema jua ni kali," nikamjibu Irma.

Irma akanitazama kwa muda. "Jua," akasema. "Haya. Asante."

Lavonne alifariki Machi iliyofuata, jikoni kwake, anachambua mbegu za nyanya. Emil alisema miezi ile ya mwisho alikuwa akiimba. Nilimnyamazia Lavonne nikijiambia namhurumia, na labda nusu yake ilikuwa huruma.

Kiangazi kikaja. Nikaitwa kuwa karani wa mwamuzi mpya, kijana kutoka Dakota Kusini, kwenye kaunti ya saa mbili kutoka kwetu. Hakuna Lavonne, hakuna mtu wa kufuatwa. Nilikaa nikafungua karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani nilijisikia mwepesi. Mshindani wa kwanza alipoingia, upepo ukainua karatasi yangu. Nikaikamata, na katika kuikamata nikaangalia juu.

Benchi la tatu kutoka langoni. Koti la bluu magotini. Chupa ya kahawa.

Hakuwa akitazama uwanja. Alikuwa akinitazama mimi, kwa utulivu uleule wa siku zote, na hapo nikaelewa kwamba katika miaka kumi na tisa niliyokaa na Lavonne sikuwahi kuangalia juu nijue macho yake yalikuwa yakielekea kwa nani.

Ameendelea kuja. Huu ni mwaka wa saba. Kusema na mwamuzi lazima mtu aombe, lakini karani hana sheria ya namna hiyo. Yeyote anaweza kumjia karani, na karani anaweza kwenda popote. Irma haji. Anakunywa kahawa yake na kungoja. Kutoka kiti changu hadi benchi lake ni hatua arobaini, na hakuna anayenizuia.

"Ongeza moja," anasema mwamuzi, "sifuri, toa nusu." Nami nainamisha kichwa na kuandika.